Vyungu vya magadi: wafinyanzi wanashusha moto ili mwili udumu

Kuchoma vyungu kwa magadi ni moja ya kazi nzito sana katika ufinyanzi. Mtu anainua mizigo, anasimama kando ya moto kutwa nzima, na siku zinazofuata anasugua mabaki yaliyoganda ndani ya tanuru. Ndiyo maana wafinyanzi kadhaa, hasa huko Marekani, wameamua kushusha moto kutoka karibu digrii 1300 hadi karibu digrii 1220. Tofauti hiyo ya digrii 80 inaonekana ndogo, lakini mgongo na mfuko wa mfinyanzi vinaisikia.

Asili ya njia hii ni Ujerumani, ambako tangu karne nyingi wafinyanzi walitupa chumvi ndani ya tanuru lenye moto mkali. Chumvi hiyo ilitoa moshi mweupe wenye asidi. Katika miaka ya 1970, watu wa chuo kikuu cha Alfred, jimbo la New York, walifanya majaribio ya kutumia magadi mahali pa chumvi. Ni magadi ya aina ile inayochimbwa kwenye ziwa Magadi, nchini Kenya, tangu zaidi ya miaka 100.

Joto linapokaribia kilele, magadi yaliyochanganywa na maji hupulizwa ndani ya tanuru kupitia matundu madogo, mara nyingi kwa pompi kama ile ya kupulizia dawa shambani. Mvuke wake unashikamana na silika iliyo ndani ya udongo, na hapo kioo chembamba kinajitengeneza juu ya chungu. Upande uliopigwa na mvuke unang'aa, na ule uliojificha unabaki mkavu. Hakuna vyungu viwili vinavyotoka sawasawa, na hiyo ndiyo sababu wanunuzi wanavipenda.

Lakini uzuri huo una bei yake. Kabla ya kuwasha, chini ya kila chungu hubandikwa vidonge vya udongo usioyeyuka, ili chungu kisigandane na bamba kinapokaa. Mabamba yenyewe ni mazito, na mfinyanzi anayapanga moja moja akiwa ameinama ndani ya tanuru. Kisha mlango unazibwa kwa matofali, tofali kwa tofali, na baada ya moto kuzima na tanuru kupoa, matofali hayo yote yanaondolewa tena.

Moto wenyewe unaweza kuchukua masaa 12 au zaidi. Wakati wa kupuliza magadi, ndimi za moto zinatoka kwenye matundu. Mtu anavaa glovu nene, nguo za pamba na miwani ya giza, kwa sababu mwanga wa joto kali unaharibu macho. Magadi nayo yanaunguza ngozi. Baada ya siku moja au mbili za kupoa, inakuja kazi ya kukwangua mabamba. Vipande vya kioo vinakata vidole, na vumbi la silika likivutwa miaka mingi linaharibu mapafu. Bila maski nzuri, mfinyanzi analipa baadaye.

Kushusha moto kunasaidiaje? Kadiri tanuru linavyopanda, ndivyo linavyopoteza joto zaidi kupitia kuta zake. Kwa hiyo digrii za mwisho ndizo zinazokula gazi au kuni nyingi na kumkesesha mtu. Ukizikata, kazi inaisha mapema, na matofali, ambayo magadi huyatafuna kila mara, yanadumu zaidi.

Hata hivyo, haitoshi kuzima moto mapema. Udongo uliozoea digrii 1300 ukichomwa kwa 1220 haukomai vizuri, na chungu kinaweza kuvujisha maji. Inabidi kubadilisha mchanganyiko: kuongeza madini yanayosaidia udongo kukomaa kwa joto dogo, na kutengeneza upya rangi za kupaka ndani ya vyungu. Mfinyanzi aliyejua udongo wake kwa miaka 20 anarudi kuwa mwanafunzi. Wengine wanaona pia kwamba sura ya chungu inabadilika, na wanaamua kubaki na moto wa zamani.

Kwa wasomaji wa Kivu au Ituri, moto huu unaweza kuonekana wa ajabu. Nyungu za kienyeji zinazochomwa nje kwa kuni na majani mara nyingi hazipiti digrii 900, na hazihitaji tanuru wala mabamba. Lakini mama anayechimba udongo, anayeubeba kichwani na kuvuta moshi wa kuni anajua jambo lile lile: katika ufinyanzi, kinachochoka kwanza si udongo, ni mwili. Anayepunguza mzigo leo anajiongezea miaka ya kufanya kazi.