Kamera ya Riali Sita

Mama yangu alikuja Muscat mara moja tu. Alikaa nasi miezi miwili ya baridi, msimu ambao hata mtu wa miaka sabini anaweza kutembea kando ya bahari pale Mutrah bila kuelemewa na jua. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimenunua kamera ya zamani, Zenit-E iliyotengenezwa enzi za Urusi ya Kisovieti, kwa riali sita, kutoka kwa jirani aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Nikaweka mkanda wa picha 36. Nikampiga mama akimlisha mwanangu halwa, mama na kanga yake mbele ya bahari, mama amesinzia kwenye kochi na mjukuu kifuani.

Aliporudi Tanga nikapeleka mkanda kusafishwa. Nikarudishiwa utepe mtupu, unaona hadi upande wa pili. Hakuna picha hata moja. Mkanda haukushika kwenye kigurudumu cha kuvutia, kwa hiyo nilibonyeza mara 36 huku umekaa palepale. Tangu hapo magoti ya mama hayamruhusu tena safari ya ndege.

Naanza na msiba huu mdogo kwa sababu vijana wengi wetu huku ugenini, hasa wanafunzi, siku hizi wananunua kamera za mikanda, nami huulizwa waanzie wapi. Nawajibu: anzeni na kosa langu, ili msilirudie.

Ukiweka mkanda, chomeka ncha yake kwenye mwanya wa kigurudumu, kisha vuta wenzo mara moja kabla hujafunga mgongo wa kamera. Hakikisha meno yameingia kwenye matundu ya mkanda, juu na chini. Funga, halafu zungusha taratibu kitufe cha kurudishia mkanda, kile cha kushoto, mpaka uhisi kimekaza. Kuanzia hapo, kila ukivuta wenzo kitufe hicho lazima kizunguke. Kisipozunguka, simama. Usiamini namba za kihesabio. Kwenye Zenit huendelea kuhesabu hata kama mkanda hausogei.

Baada ya kisa kile niliiweka kamera kabatini. Aliyenirudisha ni bibi mmoja wa jengo letu. Kama mnavyojua, Muscat ina Waomani wengi waliozaliwa Unguja na Pemba. Wapo waliotoka baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na wengi walikuja baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Bibi huyu ni mmoja wao, na Kiswahili chake ni cha Mji Mkongwe mpaka leo. Siku moja alinitolea bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na picha moja nyeusi na nyeupe: mwanamume wa kanzu na kofia amekaa kwenye kiti, na binti mdogo amesimama ubavuni.

"Huyo ni mimi," akasema. "Na huyo ni baba'angu. Sina nyingine yake."

Nyuma palikuwa na muhuri wa Capital Art Studio, Zanzibar. Studio hiyo ilianzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na mwanawe Rohit akairithi kazi. Vizazi vya Wazanzibari walipita pale kwa Idi, kwa harusi, kwa picha za pasipoti. Karatasi ile ya ukubwa wa kiganja ilivuka bahari, ikahama nyumba sijui ngapi, na bado uso wa baba unaonekana hadi kope. Nikafikiria simu yangu iliyodondoka majini na picha za mwaka mzima. Jioni hiyo nikaitoa Zenit kabatini.

Sisemi simu ni mbaya. Mama namwona kila Ijumaa kwa simu. Lakini picha elfu sita ndani ya simu hakuna anayezitazama, na nywila ikipotea zimepotea nayo.

Sasa, ununue ipi? Huhitaji kamera ya bei ya mshahara. Zenit-E na Olympus Trip 35 hazihitaji betri kabisa. Zina kipande cha seleni kinachopima mwanga chenyewe. Trip 35 ilitengenezwa kuanzia 1967 hadi 1984 na inamfaa anayeanza: mwanga ukiwa hautoshi, kibendera chekundu huinuka ndani ya tundu la kutazamia na kitufe hukataa kubonyea. Pentax K1000, ya 1976 hadi 1997, inatumia betri ndogo kwa kupima mwanga tu. Ikiisha, kamera inaendelea kupiga.

Kabla ya kulipa, ikague kama unavyomkagua mgonjwa anayelazwa. Tazama lenzi dhidi ya mwanga: nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni ukungu, achana nayo. Fungua mahali pa betri uone kama kuna kutu ya kijani. Fungua mgongo, bonyeza kwa kasi mbalimbali, usikilize; kasi ndogo lazima isikike ndefu kuliko kubwa. Gusa sponji nyeusi za pembeni. Zikiwa zimekuwa kama lami, mwanga utapenya, ila hizo hubadilishwa kwa urahisi. Kama ina seleni, ielekeze kwenye mwanga, kisha ifunike kwa mkono. Kwenye Zenit mshale lazima usogee. Kwenye Trip 35 iliyo kwenye A, ukibonyeza huku umeifunika, kibendera kiinuke.

Kipimo kikiwa kimekufa, jua la huku litakusaidia. Kwa mkanda wa 200, mchana wa jua kali, weka tundu la lenzi 16 na kasi 1/250. Kwenye kivuli, fungua hadi 5.6. Nimepiga mikanda mitatu kwa kanuni hiyo peke yake na sikujuta.

Joto ndilo adui. Mkanda hauachwi ndani ya gari Muscat, hata dakika za kuingia dukani. Mimi huweka yangu kwenye friji, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, na kuutoa saa mbili kabla ya kuutumia. Uwanja wa ndege, usiuweke kamwe kwenye begi la chini ya ndege. Ubebe mkononi na uombe kwa upole ukaguliwe kwa mkono, kwani mashine mpya za ukaguzi huuharibu.

Gharama kubwa si kamera. Mikanda miwili na kuisafisha ilinipita zile riali sita. Ndiyo maana mikanda ya rangi napeleka dukani, lakini nyeusi na nyeupe nasafisha mwenyewe. Nilipokuwa nasoma stashahada ya uuguzi, hospitali niliyofanyia mazoezi bado ilisafisha eksirei kwa maji ya dawa kwenye chumba cha giza, na harufu ile ya siki niliijua papo hapo. Kazi ni ileile: dawa ya kutoa picha, maji, dawa ya kuigandisha, kisha kusuuza. Dawa hutakiwa iwe nyuzi 20, na bomba la maji "baridi" Muscat mwezi wa Juni hutoa maji ya kuchomea chai, kwa kuwa matangi yako juani kwenye paa. Napooza kwa barafu huku kipimajoto kikiwa mkononi. Vaa glavu, fungua dirisha, na vyombo vya dawa hizo visirudi jikoni kamwe. Watoto wasikaribie.

Jambo jingine ni adabu. Usimpige mtu bila kumwomba, hasa akina mama, na kaa mbali na majengo ya jeshi. Mimi wodini sibebi kamera.

Likizo iliyopita nilikwenda Tanga na mkanda mmoja tu. Kwa simu, mama huziba uso na khanga na kusema nimwache. Alipoiona Zenit alisema, "Subiri mwanangu," akaingia ndani, akabadilisha gauni, akapaka wanja, akakaa kwenye kiti chini ya mwembe kama aliyeitwa studio. Mwanangu akasimama ubavuni. Nikavuta wenzo, macho yangu kwenye kitufe cha kushoto. Kikazunguka.

Picha hiyo sasa iko ukutani kwetu, na nakala nilimpelekea mama. Nyuma nimeandika kwa penseli majina, mahali na tarehe. Negativu zimo kwenye bahasha ya kaki. Kwa hiyo ukipeleka mkanda wako dukani, waambie mapema wakurudishie negativu. Siku hizi baadhi hukutumia nakala za kompyuta tu, na zile za asili zikatupwa.

Bibi wa chini nimemwomba nimpige yeye na wajukuu wake siku ya Idi. Amekubali, kwa sharti moja: aone kwanza kile kitufe kikizunguka.