Selimundu: jinsi kosa la herufi moja linavyobadili damu

Ugonjwa wa selimundu, ambao huwapata watoto wengi katika Afrika Mashariki na ya Kati, hauambukizwi wala hauletwi na uchawi. Chanzo chake ni kosa la herufi moja katika maagizo ambayo mwili huyafuata kutengeneza protini.

Maagizo hayo yamehifadhiwa katika DNA, ndani ya kiini cha seli. Yameandikwa kwa kemikali nne zinazowakilishwa na herufi A, T, G na C. Sehemu yenye maagizo ya protini fulani huitwa jeni.

Seli inapohitaji protini, kwanza hunakili jeni husika. Nakala hiyo, iitwayo RNA, hutoka kwenye kiini na kufika kwenye ribosomu, ambayo ni kiwanda kidogo cha seli. Ribosomu huisoma nakala kwa herufi tatu tatu. Kila kundi la herufi tatu hutaja asidi amino moja, na asidi hizo huunganishwa kwa mpangilio, mithili ya shanga katika uzi, hadi protini ikamilike.

Seli changa za uboho wa mifupa hufuata njia hiyo kutengeneza himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu. Mnyororo wake uitwao beta una asidi amino 146. Kwa mgonjwa wa selimundu, jeni ya mnyororo huo ina herufi GTG mahali pa GAG. Hivyo ribosomu, ikitii maagizo, huweka valini katika nafasi ya 6 badala ya asidi ya glutamiki.

Himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni hushikamana na kuwa nyuzi ngumu. Chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo na kufa mapema. Matokeo yake ni maumivu makali na upungufu wa damu.

Kila mtu hurithi nakala mbili za jeni hii, moja kwa kila mzazi. Mwenye nakala moja tu yenye kosa kwa kawaida haugui, tena hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kosa hili limeenea penye malaria. Lakini wazazi wote wawili wakiwa katika hali hiyo, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa.

Kwa hiyo mama peke yake hawezi kulaumiwa. Kipimo cha damu huonyesha hali hiyo, na wachumba wanaweza kuijua kabla ya ndoa.