Machozi ya Mama Aliyejifungua

Somo: 1 Samweli 1:1-20



Wasikilizaji wapendwa, Dominika hii tunawaalika tuingie pamoja katika nyumba moja ambayo wengi wetu tunaifahamu. Ni nyumba iliyopata mtoto. Majirani wamekwisha kupita kutoa pongezi, khanga na sabuni zimeletwa, na jina la mtoto limekwisha kutajwa. Kila mtu anafurahi, isipokuwa mmoja. Mama wa mtoto ameketi kitandani akiutazama ukuta. Hali chakula, halali hata mtoto anapolala, na machozi yanamtoka asijue sababu. Akiulizwa ana nini, hujibu kwamba hana kitu. Ndipo wanaomzunguka huanza kunong'ona. Mmoja asema ni deko. Mwingine asema ni kukosa shukrani. Wa tatu asema amerogwa. Na wa nne, ambaye mara nyingi ni mtu wa kanisa, asema imani yake ni haba.

Ni huyo wa nne tunayetaka kusema naye leo, kwa sababu mara nyingi ni sisi wenyewe. Tujiulize basi: huzuni hii ni nini, inatoka wapi, na sisi tulio karibu na mama huyu tunadaiwa nini mbele ya Mungu?

Kitabu cha Kwanza cha Samweli kinatusimulia habari za Hana, mke wa Elkana. Elkana alikuwa na wake wawili. Penina alikuwa na watoto, Hana hakuwa nao. Kila mwaka familia ilipopanda kwenda Shilo kutoa sadaka, Penina alimchokoza mwenzake hata Hana akalia na kukataa kula. Mumewe alimpenda, naye akamwuliza kwa nini analia, kana kwamba mapenzi yake yeye peke yake yangetosha kuufuta uchungu wote. Hana akainuka, akaenda kusali mbele za Bwana. Midomo yake ilicheza, lakini sauti haikusikika. Kuhani Eli, aliyekuwa ameketi penye mwimo wa mlango wa hekalu, alimtazama akadhani amelewa, akamkemea.

Tuwatazame watu hao watatu. Penina aliongeza maumivu. Elkana alipenda, lakini hakuelewa. Eli, mtu wa Mungu, alihukumu kwa macho kabla ya kusikia. Hata hivyo Eli alifanya jambo moja la kumsifu. Hana alipojieleza kwamba hakulewa, bali alikuwa akiimimina nafsi yake mbele za Bwana, kuhani hakubishana naye. Alimsadiki, akageuza maneno yake, akamruhusu aende kwa amani na kumtakia heri.

Sasa tusikilize vema kinachofuata katika aya ya 18. Hana alikwenda zake, akala chakula, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Wapendwa, wakati huo Samweli alikuwa bado hajatungwa mimba. Penina alikuwa bado yuko nyumbani na ulimi wake uleule. Hakuna lililokuwa limebadilika, ila mambo mawili: Hana alikuwa amemimina moyo wake kwa Mungu, na mtu aliyemhukumu vibaya alikuwa amemsikiliza na kumsadiki. Mungu angeweza kumfariji Hana bila Eli. Hata hivyo alipenda faraja yake ipitie kinywani mwa kuhani aliyekosea, kisha akajirekebisha.

Hana alilia kwa kukosa mtoto. Mama tunayemzungumzia leo analia mtoto akiwa mikononi mwake, na ndiyo maana watu humshangaa. Wanasema, “Mungu amempa, anataka nini tena?” Basi tueleze jinsi mambo yalivyo.

Mwanamke akisha kujifungua, homoni zilizopanda mwilini wakati wa mimba hushuka kwa ghafula katika muda wa siku chache. Mwili wake umechoka, huenda amepoteza damu nyingi, na usingizi wake hukatizwa kila usiku. Kwa hiyo akina mama wengi, katika siku za kwanza, hulia ovyo na kuwa wepesi wa kukasirika au kuogopa. Hali hiyo ni ya kawaida. Kwa mapumziko na maneno mema hupita yenyewe katika muda wa wiki mbili hivi.

Lakini iko hali nyingine isiyopita. Huzuni hudumu zaidi ya wiki mbili, inakaa siku nzima, na mambo yaliyompendeza hayampendezi tena. Hawezi kulala hata akipata nafasi. Anajiona mama mbaya, anajilaumu kwa kila jambo, na pengine anamtazama mtoto wake kama mgeni, asione upendo alioutazamia. Wako wanaotamani kufa. Waganga wa hospitali huiita hali hii sonona, neno lenye asili katika kitenzi chetu cha kusonona, yaani kuumia moyoni. Sonona yaweza kuanza wakati wa mimba au wakati wowote katika mwaka wa kwanza baada ya kuzaa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba, katika nchi zinazoendelea, karibu mama 20 katika kila 100 waliojifungua hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona. Yaani mmoja katika kila watano! Kila mmoja wetu ahesabu akina mama wenye watoto wachanga katika jumuiya yake, kisha atafakari.

Iko pia hali ya tatu, iliyo nadra sana, inayowapata mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua. Katika siku au wiki za kwanza mama huchanganyikiwa, husikia sauti zisizosikika kwa wengine, na kusema mambo yasiyo na mpango. Hapo tusingoje kesho, wala tusimpeleke kwanza kwa mganga wa kupiga ramli. Apelekwe hospitali siku ileile, wala asiachwe peke yake na mtoto.

Mwaweza kuuliza ni nani hupatwa na sonona. Yeyote aweza kupatwa, tajiri kwa maskini, msali rozari kwa asiyesali. Lakini hatari huzidi kwa aliyewahi kuugua hivyo zamani, kwa aliyefiwa na mtoto au aliyejifungua kabla ya wakati, kwa anayepigwa au kutukanwa na mumewe, kwa aliyetelekezwa, na kwa asiye na mtu wa kumpokea mtoto hata kwa saa moja. Kuishiwa damu nako humwongezea mama uchovu na unyonge. Katika orodha hiyo yote, hakuna mahali palipoandikwa dhambi yake, wala upungufu wa imani yake.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Wakati mmoja mama mwenye mtoto wa miezi miwili alitungojea nje ya kanisa baada ya Misa. Alituambia kwamba hapati usingizi, na kwamba akisali haoni lolote. Tulikuwa na haraka ya kwenda kigangoni. Tukamshauri afanye novena, tukambariki yeye na mwanawe, tukaondoka. Novena si kosa. Kosa letu lilikuwa kwamba tulimjibu kabla hatujamsikia. Wiki chache baadaye mama mkwe wake alimkuta ameketi gizani, mtoto analia, naye hainui hata mkono. Mama mkwe yule hakuhubiri. Alimwogesha mtoto, akapika uji, akalala chumbani humo siku tatu, na siku ya nne akamshika mkono mkwewe wakaenda hospitali. Leo mama yule ni mzima, na mtoto wake amekwisha kupata Komunyo ya kwanza. Kila tunapomwona, twakumbuka kwamba siku ile tulikuwa Eli wa mwanzo, yule aliyekemea bila kusikia. Na mama mkwe alikuwa Eli wa pili.

Tena mama mkwe yule, bila kujua, alifuata njia ya Mungu mwenyewe. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, nabii Eliya alichoka hata akaomba afe, akalala chini ya mti jangwani. Mungu hakumwuliza imani yake imekwenda wapi. Alimtuma malaika amguse, amwamshe, ampe mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili na chakula. Mazungumzo mlimani Horebu yalikuja baadaye. Kwanza mkate na usingizi, kisha maneno.

Wazee wetu hawakuwa na jina la kitabibu la maradhi haya, lakini walikuwa na desturi. Pwani mzazi alikaa ndani siku arobaini, akikandwa kwa maji ya moto na kupikiwa. Bara mama yake mzazi au mama mkwe alikuja kumwuguza, na wanawake wa ukoo walichota maji na kutafuta kuni kwa niaba yake. Leo mama wengi hujifungulia mjini, hurudi katika chumba cha kupanga, na siku ya tatu wameinama juu ya beseni la nguo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini haikukusudiwa aubebe peke yake.

Kwamba kusikiliza kunasaidia si maneno ya mimbarini tu. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, mjini Harare. Bibi hao walifundishwa namna ya kuketi na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, kumsikiliza, na kutafuta naye hatua moja ya kutatua shida yake. Kwa Kishona maradhi hayo huitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, kama sisi tusemavyo kuwa na mawazo mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, baada ya miezi sita, waliohudumiwa kwenye benchi walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Je, Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zinakosa mabibi? Zinakosa benchi?

Basi, wapendwa, tufanye nini?

Ninyi waume, msiwe Elkana wa kuuliza tu, “Mbona unalia?” Mpokeeni mtoto usiku, mama apate saa chache za usingizi mfululizo. Kumbeba mwanao hakumpunguzii mwanamume heshima. Naye anayempiga mkewe ajue kwamba anaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa, na Mungu atamwuliza.

Ninyi akina mama wakwe na majirani, chungeni ulimi wa Penina. Msiwalinganishe wazazi kwa kusema kwamba ninyi mlizaa saba na hamkulia.

Ninyi wanajumuiya na akina mama wa WAWATA, mtembeleeni mzazi si mara moja tu. Injili ya Luka yatuambia kwamba Bikira Maria alikaa kwa Elizabeti muda wa miezi mitatu hivi. Hakupita kusalimu tu na kuondoka. Nendeni na uji, fueni nguo, kisha mketi. Mwulizeni kwa upole kama analala, kama anakula, kama mawazo ya kufa humjia. Kuuliza hivyo hakumtii mawazo hayo kichwani. Humfungulia mlango wa kusema. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali bila kukawia.

Nanyi makatekista wenzetu, msiwe wepesi wa kutamka habari za pepo. Sonona hutibiwa. Yako mazungumzo ya tiba, na ziko dawa, zikiwamo ambazo mama anayenyonyesha aweza kuzitumia kwa ushauri wa daktari. Wala asiziache kwa sababu tu amejisikia nafuu. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamfundisha mgonjwa amwombe Mungu, kisha ampe nafasi daktari, kwa maana Mungu ndiye aliyemwumba. Sala na zahanati si wake wenza, hazigombani.

Mwisho twasema nawe, mama unayetusikiliza huku machozi yakikulenga. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Usijifiche. Hana hakuona aibu kumjibu kuhani aliyemdhania mlevi. Nawe usione aibu kumwambia mtu mmoja ukweli wako, na mtu huyo asipokusikia, mwambie wa pili. Hujalaaniwa. Wewe si mama mbaya. Unaumwa, na anayeumwa hutunzwa. Ikiwa huwezi kusali kwa maneno, kumbuka kwamba hata sala ya Hana haikuwa na sauti, na Mungu aliisikia yote.

Ee Mungu, uliyemwona Hana katika machozi yake, uwaangalie mama wote waliojifungua na wasioona furaha. Utupe sisi masikio kabla ya midomo, na mikono ya kubeba kabla ya vidole vya kunyoshea wenzetu. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.