Akiba Iliyokwisha Kuliwa

Jioni ya Desemba 8, 2005, theluji ilikuwa bado inaanguka kwenye kiwanja cha Midway, Chicago, wakati Boeing 737-700 ya shirika la Southwest, iliyotokea Baltimore na watu 103, ilipogusa chini. Ilitua panapostahili, ila haikusimama. Ilipitiliza mwisho wa njia ikiwa na mwendo wa kilomita 98 hivi kwa saa, ikavunja uzio na kuangukia barabarani, katikati ya magari. Mtoto wa miaka 6 aliyekuwa ndani ya gari alifariki.

Kwa ajali ya namna hii, wa kwanza kulaumiwa huwa ni theluji. Mimi naona inaonewa. Marubani walijua hali ilivyo, wakaingiza takwimu kwenye kompyuta yao, nayo ikawajibu kwamba njia inatosha. La kuuliza ni kwamba inatosha kwa hesabu gani.

Ndege iliyogusa chini hupunguza mwendo kwa nyenzo tatu. Vibao vya juu ya mbawa huinuka na kuua nguvu ya kupaa, uzito wote ukashukia magurudumu. Breki za magurudumu hukamata. Kisha injini hugeuza msukumo, hewa ikatupwa kuelekea mbele. Kwenye lami kavu breki ndizo hubeba mzigo mkubwa. Kwenye theluji gurudumu halipati cha kung'ang'ania: breki ikikaza, gurudumu linataka kuserereka, na mtambo wa kulizuia lisifanye hivyo huilegeza breki tena na tena. Hapo msukumo wa injini, usiojali lami ikoje, ndio tegemeo. Nao hufaa zaidi ndege ikiwa bado na kasi kubwa, kwa hiyo sekunde za mwanzo ndizo zenye thamani.

Midway, milango ya kugeuza msukumo ilifunguka kikamilifu sekunde 18 hivi baada ya magurudumu kugusa chini. Nahodha alieleza kwamba mikono ya kuifungulia milango hiyo ilimgomea. Rubani msaidizi ndiye aliyekuja kuivuta. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani (NTSB) ilihitimisha kwamba akili za marubani zilikuwa zimevutwa na breki za kujiendesha, ambazo walikuwa wanazitumia kwa mara ya kwanza. Fikiria: kifaa kigeni, usiku, theluji, na njia yenye mita 1,776 tu za kutulia.

Upepo nao ulikuwa unawasukuma kwa nyuma, kama kilomita 15 kwa saa. Upande wa pili wa njia ungewapa upepo wa mbele, lakini mitambo ya kuongozea ndege upande ule ilidai rubani aone mbali kuliko hali ya hewa ilivyoruhusu.

Sehemu inayonikera zaidi ni ya kompyuta. Kwa hali ya breki ya wastani, ilionyesha kwamba ndege ingesimama na mita 170 za ziada. Kwa hali mbaya zilibaki chache mno, na hata hizo zilipatikana kwa kuhesabu upepo mdogo kuliko uliokuwepo, kwa sababu programu iliishia kwenye kikomo cha shirika cha upepo wa nyuma. Kwa upepo halisi, ndege ingepitiliza. Isitoshe, marubani waliamini kwamba hesabu haikujumuisha msukumo wa injini, yaani huo ni nyongeza mfukoni. Kwa ndege za aina nyingine za shirika hilo ilikuwa hivyo. Kwa 737-700, kompyuta ilikuwa imeshauhesabu wote, bila kuwaonyesha. Akiba waliyoitegemea ilikwisha kuliwa kabla hawajatua.

Mwaka 2006 mamlaka ya anga ya Marekani (FAA) ilishauri mashirika yaongeze angalau asilimia 15 juu ya umbali uliokokotolewa kabla ya kutua. Midway yenyewe, iliyobanwa na nyumba pande zote, iliwekewa mwishoni mwa njia zake vitalu vya saruji nyepesi vinavyopondeka magurudumu yanapovikanyaga, vikaikaba ndege.

Maneno kama "wastani" na "mbaya", ambayo kila rubani huyapima kwa breki za ndege yake, sasa yana mwenzake. Tangu Novemba 2021, utaratibu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) unataka kila theluthi ya njia ipewe namba kwa kilichoifunika: 6 ni kavu, 0 ni barafu yenye maji juu yake. Theluji kavu inayozidi milimita 3 hupewa 3. Maji yaliyotuama kwa kina hicho hicho hupewa 2, kwa sababu tairi lenye kasi huweza kuelea juu yake lisiiguse lami kabisa. Kwa kipimo hicho, mvua ya masika ikituama kwenye njia ya Dar es Salaam au Mombasa, rubani anapokea namba mbaya kuliko ya mwenzake anayetua kwenye theluji kavu ya Chicago.