Mtoto akikataliwa nafasi masomoni: njia ya mama, hatua kwa hatua



Kila mwaka, mwezi wa tisa, kuna wamama wanaorudi nyumbani asubuhi na mtoto mkononi, amevaa buluu na nyeupe yake, daftari mpya bado haijafunguliwa. Walifika masomoni, wakaambiwa: "Mama, nafasi imejaa." Wengi wanakubali na kuondoka. Mtoto anabaki nyumbani. Akiwa msichana, anapewa beseni ya ndagala ya kutembeza, ao mdogo wake wa kubeba mgongoni. Mwaka mmoja unakuwa miwili, na kwenye mwaka wa tatu hakuna tena mtu anayemuuliza juu ya masomo.

Juma hili tunaongea juu ya jambo moja tu: neno "hapana" la mlangoni si mwisho wa njia. Kuna watu juu ya direkta, kuna sheria juu yao wote, na kuna namna ya kuomba kwa heshima bila kuchoka.

Sheria inasema nini

Katiba ya inchi yetu ya 2006, kwenye kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure kwenye shule za Leta. Kifungu cha 45 kinaongeza kwamba kila mtu ana ruhusa ya kuingia masomoni bila ubaguzi: wa mahali alipotoka, wa kabila, wa dini, wa kuwa mwanamume ao mwanamke, wala wa hali ya mwili na akili yake. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inarudia haki hiyo, na inatukumbusha sisi wazazi kwamba kupeleka mtoto masomoni ni wajibu wetu. Iko pia sheria kubwa ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014.

Kwa miaka mingi neno "bure" lilibaki kwenye karatasi. Ni tangu mwezi wa tisa 2019 ndipo Leta ilianza kulitimiza kwa shule za msingi.

Lakini tuelewane vizuri: shule za Leta ni zipi? Si zile tu zinazoitwa ofisiele. Shule za Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na Waislamu zilizo kwenye mapatano na Leta, zile tunazoita konvansione, nazo ni za Leta. Mapatano hayo yalianza 1977: dini inaongoza shule, lakini walimu wanapaswa kulipwa na Leta, na sheria ya bure inazigusa pia. Shule ya mtu binafsi, ile ya prive, ina bei yake na masharti yake. Na kwenye sekondari, minervali ingaliko. Kwa hiyo kabla ya kudai, ujue umesimama mbele ya mlango gani.

Uliza kwanza: wamekataa kwa sababu gani?

Kila sababu ina jibu lake. Usiondoke kabla ya kuisikia wazi.

*"Nafasi imejaa."* Mara nyingi ni kweli. Tangu masomo ya msingi kuwa bure watoto waliongezeka sana, lakini vyumba na mabenchi havikuongezeka kwa kipimo hicho. Hapa usigombane. Uliza maneno matatu: Je, kuna watoto walioandikwa ambao hawajafika? Je, kuna zamu ya mchana? Je, mnaweza kuandika jina la mtoto wangu kwenye liste ya wanaongoja? Baada ya majuma mawili ya kwanza, kuna majina yanayobaki bila mwenyewe, kwa sababu familia ilihama. Mama anayerudi kuuliza ndiye anayepata.

*"Leta kwanza makuta ya kuandikisha."* Kwenye shule ya msingi ya Leta, mtoto hakataliwi kwa sababu ya makuta. Kama wanaomba franga, sema kwa upole: "Direkta, nitalipa ukinipa resi yenye muhuri, na jina la kile ninacholipia." Mara nyingi maneno hayo peke yake yanabadilisha mazungumuzo. Tunajua wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Lakini mama anayelipa soda ya direkta mwaka huu anamfungia mlango jirani yake mwaka ujao.

*"Hana cheti cha kuzaliwa."* Sheria inaomba mtoto aandikishwe kwenye eta-sivile ndani ya siku 90 tangu azaliwe, na ndani ya siku hizo ni bure. Zikipita, inapaswa kupitia tribunali kwa kupata hukumu inayochukua nafasi ya ule muda uliopita, kisha eta-sivile inaandika cheti. Njia hiyo ni ndefu, basi uianze sasa. Wakati unaingoja, peleka vile ulivyo navyo: karatasi ya maternite, fishi ya chanjo, ama karatasi ya shefu wa kartie. Kuna familia nyingi hapa Uvira ambazo maji ya mwezi wa ine 2020 yalipeleka nyumba pamoja na mapapie yote. Kama ni hivyo kwako, uandike kwenye barua yako, na shefu wa kartie ashuhudie.

*"Hana buletini ya mwaka uliopita."* Hiyo inawapata sana watoto waliokimbia vita toka Plaine ya Ruzizi ama toka milimani. Hakuna mama anayekimbia risasi akikumbuka kubeba buletini. Omba shule impime mtoto kwa kazi ya kuandika na ya hesabu, kisha imuweke kwenye mwaka unaomfaa. Kama direkta anasita, inspekta ndiye mtu wa kuamua mambo ya kiwango cha mtoto.

*"Umri wake hauko sawa."* Mwaka wa kwanza wa msingi ni wa mtoto wa miaka 6. Kama wako ana minne, direkta ana haki. Lakini kama ana miaka tisa ao zaidi na hajasoma, kuna masomo ya kukamata wakati uliopotea, yale yanayoitwa CRS, ambako miaka sita ya msingi inasomwa kwa miaka mitatu. Mtoto mkubwa anasoma huko bila kuona haya kati ya wadogo.

*"Mtoto huyu ana kilema."* Soma tena kifungu cha 45. Kutotembea ama kutosikia vizuri si sababu ya kufungiwa mlango. Uliza namna gani atakaa mbele, ama ni shule gani ya karibu yenye mwalimu aliyejifunza kazi hiyo.

*"Msichana huyu alizaa."* Hakuna mahali katika Katiba paliposemwa kwamba mimba inaondoa haki ya kusoma. Dada yetu aliyezaa angali mtoto wa mtu, na sasa ana sababu mbili za kusoma.

Ngazi ya kupanda

Usianze kwa biro ya juu. Watakurudisha chini na utakuwa umepoteza siku.

Hatua ya kwanza ni direkta mwenyewe. Umuombe akuandikie kwenye karatasi kwamba mtoto amekataliwa na sababu yake. Kama hataki kuandika, wewe andika: tarehe, saa, nani alisema nini, na nani alikuwa pamoja nawe.

Hatua ya pili ni COPA, komite ya wazazi wa shule. Ina mwenyekiti aliyechaguliwa na wazazi, na kazi yake ni kusema kwa niaba yenu. Shule ina pia COGES, komite inayoongoza mambo yake, na mzazi wa COPA anakaa ndani yake. Mambo mengi yanaishia hapa, bila barua ya pili.

Hatua ya tatu inategemea aina ya shule. Kama ni konvansione, peleka barua kwa koordinasio ya dini inayoongoza shule hiyo. Kama ni ofisiele, peleka kwa Sous-PROVED.

Hatua ya ine ni PROVED, mkubwa wa elimu wa Sud-Kivu 2. Biro yake iko hapa Uvira; hatuhitaji kupanda gari kwenda Bukavu. Shule za Leta zote, za dini na zisizo za dini, ziko chini ya macho yake.

Kama njia hizo zote zimefungwa, kuna wanasheria na vikundi vya kutetea haki za watoto, kuna tume ya haki za binadamu ya inchi, CNDH, na kuna tribunali. Wizara pia iliweka laini ya simu ya kupokea malalamiko ya wazazi, Allô École; uliza COPA yenu namna ya kuitumia.

Kwenye inchi zingine njia ni moja. Kule Uingereza, mzazi aliyekataliwa nafasi anapewa barua yenye sababu, na anapata siku zisizopungua 20 za masomo kwa kupeleka malalamiko mbele ya watu ambao si wa shule hiyo. Hata kule mzazi hashindi kila mara, kwa sababu madarasa ya watoto wadogo hayaruhusiwi kupita watoto 30 kwa mwalimu mmoja. Sisi hatuna baraza kama lile. Lakini somo lake linatufaa: anayeshinda ni mwenye karatasi mkononi, si mwenye sauti kubwa.

Barua yako

Iwe fupi, ukurasa mmoja. Maofisi yetu yanapenda Kifaransa; kama hukisomi, umuombe mwanafunzi wa sekondari akugeuzie. Maneno yake yawe kama haya:

"Bwana PROVED, mimi ni mama wa (jina la mtoto), aliyezaliwa tarehe (…), tunaishi avenyi (…), kartie Kasenga. Tarehe (…) nilienda kumuandikisha mwaka wa (…) kwenye shule (…). Nilikataliwa kwa sababu hii: (…). Tarehe (…) niliongea na COPA, na jibu lilikuwa (…). Naomba, kufuatana na kifungu cha 43 cha Katiba, mtoto wangu apewe nafasi kwenye shule hiyo, ama munionyeshe kwa maandishi shule ingine ya Leta karibu na nyumbani. Nafunga ndani kopi ya (…). Kwa heshima, (jina, simu, sahihi)."

Toa kopi mbili. Moja inabaki biro, ya pili unarudi nayo, lakini si kabla sekretere hajaweka muhuri na tarehe juu yake. Bila muhuri, kesho watasema hawajaiona. Uliza urudi siku gani kwa jibu, na urudi siku hiyo.

Usitukane mtu ndani ya barua. Usiandike "direkta ni mwizi." Andika kile kilichotendeka. Aliye juu akisoma matusi, anakuwa upande wa aliyetukanwa.

Tusiwaonee walimu

Wamama, tuseme ukweli wote. Kuna walimu wanaofundisha miaka bila kuingia kwenye liste ya malipo ya Leta. Mwalimu huyo ana watoto pia, na bei ya unga sokoni haimjali. Ndiyo maana shule zingine zinatafuta makuta kwa wazazi. Hilo halifanyi ombi la franga kuwa halali, lakini linatuonyesha nani wa kudai: walimu wetu walipwe, madarasa yajengwe. COPA yenye nguvu inaandika barua kwa ajili ya mwalimu pia, si kwa ajili ya mtoto peke yake.

Tuende pamoja

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mama mmoja akienda biro, anaambiwa arudi kesho. Wamama watatu wenye kopi za barua zao, wamekaa kimya kwenye benchi, wanapokelewa. Kwa hiyo kila kikundi cha akiba, kila mutuelle, kichague mama mmoja anayejua kuandika vizuri, aweke daftari: jina la mtoto, shule, sababu ya kukataliwa, tarehe ya barua, jibu. Mwisho wa mwezi daftari hilo litaonyesha kama ni shule moja yenye shida ama ni kartie nzima inayokosa vyumba. Watoto kumi kwenye liste moja ni vigumu kuwasukuma kuliko mmoja mmoja.

Na wakati mnangoja jibu, mtoto asikae bure. Omba daftari ya jirani anayesoma mwaka ule ule, muandike naye kila jioni kabla ya giza. Mkipata nafasi mwezi wa kumi, atakuwa anaenda sawa na wenzake. Kwa mtoto wa mwaka wa sita, ufanye haraka zaidi, kwa sababu jina lake linapaswa kuwa kwenye shule ili aandikishwe kwa mutihani wa mwisho wa msingi.

Mama ambaye mtoto wake angali nyumbani leo, usingoje mwaka ujao. Kesho asubuhi urudi kwa direkta, na kalamu mkononi.