Buku na Ndezi: Wanyama Wawili na Maana ya Neno "Panya"

Buku na ndezi aghalabu huelezwa kwa maneno yale yale: "panya mkubwa". Maelezo hayo yamfaa buku, ndezi hayamfai. Mtungaji wa kamusi ayatumiaye kwa wote wawili humpa msomaji jina bila ya kumwonyesha mnyama.

Wote wawili ni wagugunaji, yaani wanyama ambao meno yao ya mbele hayakomi kukua. Buku wa Tanzania, ambaye wataalamu humwita Cricetomys ansorgei, ni wa jamii ya Nesomyidae, iliyo karibu na jamii ya panya wa nyumbani. Ndezi, Thryonomys swinderianus, ni wa jamii ya Thryonomyidae, na kwa nasaba yu karibu zaidi na nungunungu kuliko panya. Jambo hili ladhihirika katika uzazi. Buku huchukua mimba mwezi mmoja hivi, na watoto wake huzaliwa uchi, macho yamefumba. Ndezi huchukua mimba miezi mitano hivi, na watoto wake huzaliwa wana manyoya, macho yamefumbuka.

Makao yao nayo ni mbalimbali. Buku hukaa mashimoni, katika misitu, vichaka na mashamba, hata karibu na nyumba za watu. Hutoka usiku, akajaza mbegu na matunda katika mifuko ya mashavu yake, akayapeleka shimoni kuwa akiba. Ndezi hupenda nyasi ndefu na matete ya kando ya mito na vinamasi. Chakula chake ni nyasi, na kwa hiyo huharibu miwa na mahindi.

Katika orodha ya Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile, kila mmoja amewekwa katika daraja la wanyama wasio katika hatari ya kutoweka. Lakini hukumu hiyo hutolewa kwa kila spishi peke yake, wala si kwa "panya wakubwa" kwa jumla. Anayechanganya majina huchanganya na hukumu. Tena haja ya binadamu kwao si moja. Ndezi huwindwa kwa ajili ya nyama, na huko Ghana na Benin hufugwa. Buku hufundishwa Morogoro na shirika la APOPO kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu.

Lugha yenyewe imekwisha kuonyesha njia. Husemwa "panya buku", lakini ndezi kwa kawaida husimama kwa jina lake pekee. Basi kamusi yafaa iseme hivi:

Buku: panya mkubwa akaaye shimoni, mwenye mifuko mashavuni na mkia mrefu wenye ncha nyeupe.

Ndezi: mgugunaji mnene wa nyasi na matete, mwenye manyoya magumu na mkia mfupi, wa nasaba ya karibu na nungunungu, nyama yake huliwa.