Mtoto Mkimbizi na Darasa Aliloliacha

Mtu akikimbia vita hubeba anachoweza: sufuria, mkeka, mtoto mgongoni. Darasa la mtoto hawezi kulibeba. Wengi wetu twadhani kwamba mtoto mkimbizi akipata mwalimu na ubao, basi shida yake imekwisha. Haijaisha. Limebaki jambo la lugha.

Chuoni nilikosomea ualimu nilikuwa na rafiki aliyezaliwa Katumba, upande wa Mpanda. Babu yake alikuwa miongoni mwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, ambao Serikali yetu iliwapa mashamba Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Watoto wa huko walisoma kama watoto wetu, kwa Kiswahili katika shule ya msingi. Rafiki yangu alitushinda wote katika insha. Mimi alinishinda hata katika hesabu, lakini hilo tuliache.

Mwaka 2008 watu wa makazi hayo waliulizwa: mwataka uraia, au mwataka kurudi Burundi? Walio wengi walichagua kubaki, na mwaka 2014 vyeti vya uraia vilianza kutolewa kwa watu zaidi ya 160,000. Baba mdogo wa rafiki yangu alichagua kurudi. Alikuwa na binti wa darasa la sita, msichana hodari. Kule watoto hufundishwa kwa Kirundi miaka ya mwanzo, kisha kwa Kifaransa. Binti yule alikijua Kirundi cha nyumbani tu, hakupata kukiandika. Kifaransa hata salamu hakuijua. Akarudishwa darasa la pili, akakaa na watoto wanaomfikia kiunoni. Barua aliyomwandikia rafiki yangu niliisoma mwenyewe bwenini. Alisema aona haya kusimama mwalimu anapoingia, kwa sababu akisimama wenzake hucheka. Mwaka uliofuata aliacha shule.

Labda utasema: basi wangefundishwa masomo ya kwao tangu mwanzo. Ndivyo ilivyofanyika katika kambi za Kigoma. Warundi waliokuja mwaka 2015, ambao wengi walitolewa Kagunga kwa meli Liemba, walipelekwa Nyarugusu, na watoto wakasoma masomo ya Burundi, wengine chini ya miti kwa kukosa madarasa. Wakongo walikuwa wakifuata masomo ya Kongo. Sababu yaeleweka: walitazamiwa kurudi. Lakini kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996, na wako Wakongo waliozaliwa humo na kukulia humo wasiione Kongo hata siku moja. Kifaransa chao kingewafaa nini katika sekondari zetu, zinazofundisha kwa Kiingereza?

Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 yampa kila mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi. Ni sheria njema. Mimi naona ingefaa mtoto huyo ajifunze lugha mbili, ya alikotoka na ya alipo, maana wazazi wake hawajui watalala wapi mwakani.

Nami kama karani wa parokia nakuomba neno moja, wewe unayehama kwa sababu yoyote. Pitia ofisini kabla ya kuondoka, uchukue cheti cha ubatizo cha mtoto. Kina majina ya wazazi na siku ya kuzaliwa. Kifunge pamoja na ripoti za shule katika mfuko wa nailoni. Mwalimu wa ugenini akiviona atajua mtoto ana miaka mingapi na amefika wapi. Na mtoto mgeni akija shuleni kwenu akiwa kimya, usiseme upesi kwamba ni mjinga. Mwandikie hesabu ubaoni, umtazame.

Binti yule sasa ni mama. Rafiki yangu ameniambia kwamba jioni huwafundisha wanawe kuandika Kirundi na Kiswahili, kwa mkaa, nyuma ya mlango wa jikoni.